Kidari cha chumvi, jaribio la tatu: safari hii kimelainika

Jumapili usiku, mama kala sahani mbili, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla sijasahau vipimo.

Mradi wenyewe ni ile nyama ya ng'ombe ya chumvi (corned beef) ambayo wengi tunaijua ya kopo, ila mimi naitaka bonge zima, lichemshwe na mboga kama wanavyopika Wamarekani wenye asili ya Ayalandi ikifika Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Jaribio la kwanza lilikuwa chumvi tupu. La pili soli ya kiatu.

Nyama nimechukua bucha moja karibu na soko la Kilombero, kidari kilo 2. Jamaa alitaka kunikatia steki akijua ananipendelea, nikamwambia kaka hapana, nipe hicho chenye mafuta na nyuzi. Steki hapa inakauka tu, kidari kina zile kano za kuvutika ambazo zikipikwa taratibu zinayeyuka zinakuwa utelezi mtamu.

Maji lita 2, chumvi gramu 160, sukari vijiko 4, pilipili manga, giligilani, karafuu 5, kipande cha mdalasini, vitunguu saumu. Nikachemsha, nikaacha yapoe KABISA, nikazamisha nyama na sahani juu isielee, friji siku 6, kila siku nageuza. Siku ya tatu umeme ukakata saa nne mpaka saa saba mchana, bahati nilikuwa na chupa za barafu nikazipanga pembeni na nikakataza mtu kugusa mlango wa friji.

Rangi imetoka kijivu, mdogo wangu akauliza kama imeharibika. Ile pinki ya kopo inaletwa na nitriti, ile dawa ya kuhifadhia nyama, mimi sina na sitaki kuipima kwa kukisia maana ikizidi ni sumu.

Leo nikailoweka kwenye maji safi kwa muda wa saa moja, nikabadilisha maji mara mbili (hili ndo nililoruka mara ya kwanza). Halafu moto. Aisee mara ya pili nilifungulia gesi mpaka mwisho nikijua nitawahi, kumbe Arusha tuko kama mita 1,400 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi na ukiongeza moto hayapandi hata kidogo, unamaliza mtungi tu na nyama inasukwasukwa inakakamaa. Leo nimetumia mkaa, nikaufunika majivu, maji yakawa yanatoa povu mojamoja, kwa muda wa saa nne kasoro robo. Uma ukazama bila kusukuma.

Nikatoa nyama nikaifunika, supu nikaipunguza chumvi kwa kuongeza maji, nikatia viazi na karoti dakika 20, kabichi mwishoni kabisa, zamani nilitia vyote pamoja kabichi ikawa uji. Nikiwa natafuta kisu mama katumbukiza ndizi mshale bila kuniambia, na kusema ukweli ndo zilizoisha kwanza.

Kukata nilianza vibaya, nilifuata nyuzi, vipande vikawa kamba, nikageuza bonge nikakata kukatiza nyuzi na hapo hapo ikawa laini. Tatizo lililobaki ni katikati, bado chumvi imezidi kidogo, kwa hiyo jaribio la nne nashusha iwe gramu 130.

Supu iko friji, kesho mama anapikia mtori, nimeshamwambia asitie chumvi hata punje.