Sifuri moja inavyovuruga −1/12

Video nyingi "zinathibitisha" kuwa 1 + 2 + 3 + … ni −1/12 kwa kusogeza namba nafasi moja kisha kutoa. Ramanujan, mwanahisabati wa India, alimwandikia mwenzake Mwingereza Hardy jibu hilohilo mwaka 1913, na lina maana yake. Kinachoniudhi ni hiyo njia ya kusogeza.

Tuanze na 1 − 1 + 1 − 1 + … Ukijumlisha huku ukienda unapata 1, 0, 1, 0, bila kutulia. Mwanahisabati Cesàro alichukua wastani wa jumla hizo: 1, 1/2, 2/3, 1/2, 3/5, 1/2… Unatulia kwenye nusu. Kwa 1 − 2 + 3 − 4 + … hata wastani unarukaruka (1, 0, 2/3, 0, 3/5, 0), basi chukua wastani wa wastani, utafika robo.

Ila chomeka sifuri baada ya kila jozi: 1 − 1 + 0 + 1 − 1 + 0 … Jumla sasa ni 1, 0, 0, na wastani ni 1/3. Ihamishie katikati ya jozi, unapata 2/3. Sifuri ambayo dukani haibadilishi chenji, hapa inabadilisha jibu.

Sasa 1 + 2 + 3 + … Wastani hausaidii kitu, kila kitu kinapanda tu. Tuseme thamani yake ni S, na ukiweka sifuri mbele bado ni S. Toa 0 + 1 + 2 + … kwenye 1 + 2 + 3 + …: unabaki na 1 + 1 + 1 + … = 0. Rudia mchezo kwa huo mpya: 1 = 0. Kwishnei.

Njia inayoshikika ni kufifisha namba za mbali. Zidisha kila namba n kwa e^(−εn), ambapo e ni 2.718 hivi na ε ni namba ndogo chanya, ndipo ujumlishe. Kwa ε = 0.1 unapata 99.9167 hivi; kwa ε = 0.01, 9999.9167. Sehemu inayolipuka ni 1/ε², yaani 100 na 10000. Itoe, kinabaki −0.0833, ambayo ndiyo −1/12. Ukififisha kwa namna nyingine, mradi kizidishi kiwe laini na kianzie thamani 1, mlipuko utabadilika lakini −1/12 haiondoki. Ukikata ghafla kwa kisu, yaani ukiishia kwenye n na kupata n(n + 1)/2, huioni kabisa.

Na ukififisha 0 + 1 + 2 + 3 + … kwa e^(−εn) ileile, kila namba ikiwa imesogea nafasi moja? Mlipuko ni 1/ε² − 1/ε, na kinachobaki ni 5/12.