Mpira wa breki uliokuwa mzima kwa nje

Wiki nzima nilisingizia magari ya wenzangu. Nikifika nyumbani nikizima injini, ile harufu inanifuata hadi mlangoni, kali, ya chuma kilichoungua. Jumapili nikachukua kikombe cha maji nikanyunyizia rimu moja moja. Tatu kimya. Ya mbele kushoto ikachacharika kama kikaango.

Gari lina miaka 21 na ndilo lililowaleta wanangu wote watatu kutoka hospitali, kwa hiyo makosa yake huyasamehe upesi. Fundi wa kwanza akasema pedi. Tukaweka pedi mpya. Wa pili akasema kalipa, kile kibanio chenye pistoni ya kusukuma pedi kwenye diski, imekwama. Akaifungua, akaisafisha, akaitia sili mpya (pete ya kuzuia mafuta kuvuja). Siku mbili baadaye maji yanachacharika tena. Nilikasirika, ila siwezi kuwalaumu sana, maana mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, nami niliukagua kwa tochi: mweusi, mkavu, hauna hata ufa.

Kumbe tunachokagua wote ni ganda tu. Mpira wa breki una tabaka: ndani kuna mpira unaogusa mafuta, juu yake nyuzi zilizosukwa ili usivimbe, kisha ndiyo hilo ganda linalopambana na matope na jua. Tabaka la ndani likizeeka huvimba, au hubanduka kipande kikaning'inia kama ulimi. Ukikanyaga pedeli, mguu wako una nguvu, mafuta yanapenya. Ukiachia, ya kuyarudisha ni nguvu kidogo tu ya sili ya pistoni kujivuta. Ulimi unaziba njia, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski, na wewe unaendesha huku umeshika breki bila kujua.

Jumamosi nikapiga jeki, nikaweka stendi chini (jeki peke yake siiamini hata dakika moja), nikaziba matairi ya nyuma kwa mawe. Kitindamimba wangu akapanda kiti cha dereva.

“Kanyaga! Haya, achia!”

Tairi halizunguki. Nikalegeza nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakaruka kidogo, tairi likawa huru papo hapo. Basi pistoni haijakwama, kuna presha imefungiwa. Nikaikaza, akakanyaga tena, akaachia. Safari hii nikalegeza nati ya juu, mpira unapoungana na bomba la chuma. Tairi bado limebana vilevile. Hapo masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli, ikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Mwizi ni mpira.

Kwa kuwa nilikuwa chini tayari, nikaukunja na ule wa kulia kwa vidole karibu na vichwa vyake, maana ufa hupenda kujificha pale. Ufa sikuuona. Lakini binti alipozungusha stelingi hadi mwisho, tairi likagusa mpira, na pale palikuwa pameng'aa kwa kusuguliwa. Yote miwili ikatoka. Hata bila hivyo ningeibadili pamoja. Imezaliwa siku moja.

Kazi ngumu ni ile nati ya bomba la chuma. Niliipaka mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, nikatumia spana maalumu ya nati za bomba, ile inayokumbatia karibu pembe zote. Spana ya mdomo wazi huila nati ikawa duara, na ukilazimisha bomba linajikunja, sasa una kazi mbili. Kalipa niliifunga juu kwa waya ili isining'inie kwenye mpira. Washa za kopa (pete bapa za shaba) ni mpya, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Za zamani zimeshabonyea. Mpira mpya una mstari mweupe wa urefu wote. Ukiona mstari umejizungusha kama kamba, umeufunga ukiwa umepinda, legeza uanze upya. Mimi nilianza upya mara mbili.

Baba watoto akapita akauliza kama tumwite fundi. Sikumjibu.

Kwenye kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta nilitumia mafuta ya breki aina ya DOT 3, kama kifuniko cha kopo la mafuta ya breki kwenye gari kinavyotaka, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani: yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishalowa kiwango hicho hushuka hadi 140. Chini ya pedeli niliweka kipande cha ubao ili isifike sakafuni, kwa sababu masta silinda ya uzee huu ina kutu mahali ambapo sili zake hazijawahi kufika. Tone moja likaangukia bodi. Nilichelewa kulimwagia maji, na rangi imebabuka pale kwa ukubwa wa kucha.

Jioni nikaupasua mpira wa zamani kwa kisu. Tundu la katikati lilikuwa limebana kiasi kwamba njiti ya kiberiti haikupita. Binti ameuchukua, ameuweka kwenye dawati lake.

Rimu sasa haichacharishi maji. Kushoto na kulia zote ni vuguvugu. Mipira ya nyuma nimeikagua: mmoja una nyufa ndogo ndogo kama kisigino kikavu, na nati yake imeshikwa na kutu haswa. Nimeipaka mafuta leo, kesho nitaipaka tena.