Kaya 25 za mwalo mmoja si mashahidi 25

Wenzangu mnaochambua data za kaya hapa Mwanza, kuweka uzito (namba inayorekebisha mchango wa kila kaya kwenye matokeo) peke yake hakutoshi. Uzito unarekebisha asilimia. Kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) linahitaji pia vishada (maeneo yaliyochaguliwa, ambamo kaya huchotwa) na matabaka (makundi ambamo vishada huchaguliwa, kama mjini na vijijini). Kaya 25 za mwalo (ufuko wa kushushia samaki) mmoja kule Ukerewe huchota maji ziwa lilelile na huuza dagaa soko lilelile, basi majibu yanafanana. Programu isipoambiwa, inawahesabu kama mashahidi 25 wasiojuana.

Hesabu ya mara ngapi varianza ya makadirio inaongezeka: 1 + (25 − 1) × 0.05 = 2.2, hiyo 0.05 ikiwa ni kiwango cha kufanana ndani ya kishada. Kaya 1,000 zinabaki na nguvu ya kama 455 (1,000 ÷ 2.2), na kosa sanifu linapanda karibu mara 1.5 (kipeuo cha pili cha 2.2). Kwa swali la chanzo cha maji, ambapo kijiji kizima hujibu kitu kimoja, hali huwa mbaya zaidi.

Faili la kaya la DHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya): gawanya safu ya hv005 kwa 1,000,000 upate uzito, kishada ni hv021, tabaka mara nyingi hv022 (someni ripoti kwanza, hubadilika). Kwenye Stata (programu ya takwimu):

svyset hv021 [pw=uzito], strata(hv022)

Kisha svy: mbele ya kila amri ya ukadiriaji.

Mkitaka kaya zinazoongozwa na wanawake tu, msifute nyingine, tumieni subpop, chaguo la svy la kuchambua kundi dogo bila kufuta kaya nyingine. Mkifuta, tabaka linaweza kubaki na kishada kimoja, na mahali pa kosa sanifu mtaona nukta tupu.