Masale ya sifongo

Jana jioni mwanangu alikuwa anaoga, dodoki mkononi, akaniuliza kama ni kweli sifongo wa baharini ni mnyama. Nikamwambia ndiyo. "Sasa samaki akija kumla, anakimbiaje?"

Nilikaa kimya. Jambo hilo tuliwahi kulizungumza Kibosho, mimi na Bibi.

Ilikuwa Desemba, wote tumepanda Moshi kwa Krismasi. Nilimkuta ana mkanda wa jeshi, malengelenge yamemzunguka ubavu wa kushoto, siku ya tano hiyo, anapakwa maji ya majani. Niliteremka mjini nikarudi na asikloviri, dawa ya kuzuia virusi: miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba. Nilijua dawa hiyo hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Sikumwambia.

Dozi ya mwisho ilikuwa saa nne usiku. Bibi alikaa kitandani, ameishika kanga kwa mkono isimguse ubavu, akageuzageuza kidonge kwenye mwanga wa kandili.

"Hii imetoka kwenye mti gani?"

Nilikuwa nasoma kemia, na swali lile lilinifurahisha kuliko mtihani wowote niliowahi kufaulu. Nikamwambia ukoo wake haukuanzia kwenye mti. Kabla ya asikloviri kulikuwa na vidarabini, dawa nyingine ya virusi, na kabla ya vidarabini kulikuwa na sifongo wa Florida, ambaye mkemia Werner Bergmann na mwenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walimkuta na vijenzi vinavyofanana na vya DNA ila sukari yake ni nyingine. Wakemia wakaiga. Kirusi kinaokota tofali lisilo lake, kinajengea, na ukuta unakomea hapo.

Kisha nikamsimulia yule niliyempenda zaidi, sifongo mwekundu wa Antaktika, Kirkpatrickia variolosa. Mwaka 1994 watafiti walieleza variolini, kemikali walizozitoa kwake, na maabarani variolini B ilivizuia virusi vya herpesi, ndugu wa kile cha mkanda wa jeshi.

"Huko kuna baridi kama Kibo?"

"Maji yenyewe yako chini ya sifuri, Bibi. Chumvi tu ndiyo inayoyazuia yasigande."

"Na hana miguu."

"Hana. Wala meno. Amekaa palepale alipojishika. Wanaomchunguza wanaona kwamba hizo dawa ndizo ulinzi wake."

Bibi alimeza kidonge taratibu. Akanyoosha kidole gizani, upande wa mimea iliyopandwa kulinda mpaka wetu na jirani.

"Kumbe naye amepanda masale."

Malengelenge yalikauka. Maumivu hayakuondoka. Aliishi nayo miaka miwili, kanga imeshikwa vilevile, hadi tulipomzika chini ya migomba yake. Zile siku mbili za kuchelewa bado nazihesabu.

Jana nilimjibu mwanangu kwamba sifongo hakimbii, amepanda masale. Akaniangalia tu. Amezaliwa Dar es Salaam. Ikabidi nikae pembeni ya beseni, nianze kumweleza masale ni nini.