Tivii moja, na Lost ilikuwa inaisha

Mei 2010 kwetu kulikuwa na watu watatu wenye mambo matatu, na tivii ni moja. Baba na uchaguzi wa Uingereza, kaka na Chelsea yake, mimi na Lost. Mama hakuwa na upande, ila mambo yakifika pa ugomvi rimoti ilikuwa inaenda kwake, na ikishafika kwake hakuna wa kuuliza.

Kwa ambao hawakuifuata, Lost ilianza Septemba 2004 kwenye kituo cha ABC cha Marekani. Ndege ya Oceanic namba 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika angani, inaangukia kisiwani, walionusurika wanajua watakaa siku mbili tatu waokolewe, alafu usiku wa kwanza tu kuna dude linanguruma msituni na miti inang'oka. Mi nilinaswa hapohapo. Na ilivyokuwa imetengenezwa, swali moja likijibiwa yanazaliwa matatu: dubu mweupe wa nchi za barafu anafanya nini kwenye kisiwa cha joto, ule mlango wa chuma uliofukiwa ardhini unaingia wapi, kwa nini kuna mtu kule chini anabonyeza kitufe kila baada ya dakika 108, na zile namba jamani, 4, 8, 15, 16, 23, 42, ambazo Hurley, mmoja wa walionusurika, alizichezea bahati nasibu akashinda mamilioni na mikosi ikaanza kumwandama. Zijumlishe uone. 108. Siku niliyozijumlisha nilitoka chumbani nikaenda kumwamsha kaka kumwambia, akaniambia niende nikalale.

Nilikuwa na daftari la maswali. Kurasa za mbele zilikuwa za Lost, kila swali na namba yake na likijibiwa nalipigia mstari, lakini daftari lilikuwa linakaa juu ya meza ya tivii kwa hiyo haikuchukua muda watu wakalivamia. Kaka akachukua nyuma, akawa anaandika matokeo ya Chelsea na magoli ya Drogba kwa kalamu nyekundu. Baba naye ulipokaribia uchaguzi akajikatia kurasa za katikati, akachora safu tatu, Brown wa Labour aliyekuwa waziri mkuu, Cameron wa Conservative, Clegg wa Liberal Democrat, na chini yake akaandika 326 akaizungushia duara mara mbili, kwa sababu bunge lao lina viti 650 na huwezi kutawala peke yako bila kufika hapo. Ukilifungua lile daftari ukurasa usio wake unakutana na vitu viwili vimegongana, upande mmoja nimeandika "Jacob ni nani hasa?" upande wa pili kuna 8-0.

Kitu kilichomfanya baba aache kuiita Lost mchezo wa watoto ni siasa, si mimi. Januari mwaka huohuo kulikuwa na maneno kwamba hotuba ya Rais Obama kwa Bunge ingeweza kuangukia tarehe 2 Februari, siku ambayo sizoni ya sita na ya mwisho ilikuwa inaanza, mashabiki wakaja juu kwelikweli, mpaka msemaji wa Ikulu, Robert Gibbs, akaulizwa mbele ya waandishi wa habari na akajibu kwamba haoni uwezekano wa Rais kuwaharibia mamilioni ya watu wanaosubiri jibu lao. Hotuba ikatolewa tarehe 27 Januari. Baba alisikia ile habari kwenye redio yake akanigeukia, "Kwa hiyo hichi kitu chako kinaongelewa mpaka Ikulu?" Tangu siku hiyo akawa anauliza, tena anauliza vizuri, yule mwenye kiti cha magurudumu ni nani, yule mwarabu ni mwanajeshi wa wapi. Namjibu kidogokidogo.

Sasa ile Mei yenyewe. Tarehe 4 Marekani wakarusha ile sehemu ya nyambizi. Mimi nilikuwa nazipata kwa flashi kutoka kwa rafiki yangu siku kadhaa baadaye, kwa hiyo wakati dunia imeshalia mimi bado najiandaa. Sun amebanwa na chuma, maji yanajaa, mumewe Jin anajua hawezi kumtoa na anakataa kuondoka. Sayid, yule mwarabu, naye alishakimbia na bomu ili wenzake wapone. Nilipoona mikono ya Jin na Sun inaachana ndani ya maji nilisimamisha nikatoka nje kabisa. Kaka, ambaye alikuwa amekaa pembeni anajifanya anasoma gazeti la michezo, akaanza, "Sasa huyu ana mtoto nyumbani, alitakiwa atoke bwana, mtoto amebaki bila baba bila mama." Na hoja yake ilikuwa na uzito, watu wengi walilalamikia hilohilo, ila mi nilimwambia sizoni nzima hawa watu wametafutana, miaka mitatu wamepoteana, unataka amwachie mkono leo? Tukabishana mpaka baba akatufukuza kwa sababu kura zilikuwa zinahesabiwa.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 6. Conservative 306, Labour 258, Liberal Democrat 57, hakuna aliyegusa lile duara la baba. Na hapo ndo nilimwona mzee wangu akiwa kwenye hali niliyokuwa nayo mimi miaka yote. Siku tano nzima hajui nani anatawala Uingereza, Brown bado yuko ndani ya nyumba namba 10, ile ya waziri mkuu, Clegg anaongea na huku anaongea na kule, kila jioni baba anafungua taarifa ya habari akitegemea jibu, anapewa mlango umefungwa na waandishi wamesimama nje. Alikuwa anakaa mbele kabisa ya kochi. Tarehe 11 jioni Brown akajiuzulu, akatoka na mkewe na watoto wao wawili wadogo wanatembea wameshikana mikono, na baba akanyamaza, akasema tu, "Na watoto aliwaficha muda wote huu." Siku hiyohiyo Marekani walikuwa wanarusha ile sehemu ya Jacob, mlinzi wa kisiwa, na ndugu yake asiye na jina na lile pango la mwanga, ambayo wengi waliikasirikia kwa kuwa zimebaki sehemu mbili tu na wahusika wetu karibu hawapo kabisa. Mi niliipenda.

Kaka katikati ya hayo alikuwa mbinguni. Tarehe 9 Chelsea walimpiga Wigan 8-0 wakachukua ligi kwa pointi moja mbele ya Manchester United, magoli 103 kwa msimu, wiki inayofuata Drogba akafunga kwa faulo fainali ya FA dhidi ya Portsmouth. Donda lilikuwa moja tu, Inter ya Mourinho iliwatoa Ligi ya Mabingwa mwezi wa tatu, na aliyefunga pale Stamford Bridge ni Eto'o. Ila fainali ilipofika, Inter na Bayern, Jumamosi tarehe 22, Madrid, kaka alikuwa Inter mwanzo mwisho. "Aliyekutoa akiwa bingwa unapata nafuu," akasema. Milito dakika ya 35, Milito dakika ya 70, kwisha. Kitu alichokuwa anakirudia kaka usiku ule ni Eto'o, mshambuliaji ambaye Barcelona walimtoa miezi miwili tu baada ya kuwapa makombe matatu, amefika Inter anapangwa pembeni, anarudi kukaba kama beki, halalamiki, na anachukua makombe matatu tena. Misimu miwili mfululizo, klabu mbili tofauti. Alisimama mbele ya tivii kuonyesha alivyokuwa anarudi.

Kesho yake usiku, kwa saa za Marekani, Lost ikaisha.

Jumatatu ile sikutaka kuongea na mtu. Facebook sikuifungua, simu nikaizima, redio ya baba ikianza habari za burudani natoka chumbani. Spoila moja tu ingetosha kuniulia miaka sita. Rafiki yangu alishusha faili usiku kucha, intaneti yenyewe ndo zile za kuangalia asilimia zinavyopanda, jioni akaja na flashi mkononi, macho mekundu, kwa sababu hakuvumilia, alishaangalia. Nikamwambia usiniangalie usoni, nipe uondoke. Akacheka akaondoka kweli.

Tukachomeka laptopu kwenye tivii. Sauti ilikuwa inatangulia picha kidogo, kaka akahangaika nayo mpaka ikakaa. Nilidhani nitaangalia na yeye tu lakini baba akaja na miwani yake akakaa, na mama akaja na kanga akajilaza kwenye kochi akasema yeye yupo tu anapumzika, na akaangalia mpaka mwisho.

Kuna vitu viwili naviona mpaka leo. Cha kwanza ni Desmond, yule wa kubonyeza kitufe, anateremshwa kwa kamba kwenye pango, anafika kwenye lile jiwe limesimama katikati ya mwanga, analikumbatia analing'oa, na ule mwanga unazimika unabaki wekundu. Chumba chetu kizima kikawa chekundu, ukuta, nyuso, kila kitu, na baba akasema kwa sauti, "Amekosea!" Baba, ambaye hajui hata nusu ya habari. Cha pili ni pale nje ya kanisa. John Locke yuko kwenye kiti cha magurudumu, Benjamin Linus amekaa, yule Ben aliyemnyonga huyohuyo Locke kwa mkono wake, anamwomba msamaha, Locke anasamehe, kisha anainuka kwenye kile kiti na kuingia ndani kwa miguu yake. Ben haingii. Anabaki palepale kwenye benchi. Hurley anatoka anamwambia alikuwa msaidizi mzuri, na Ben anamjibu kwamba yeye alikuwa kiongozi mzuri.

Mwisho kabisa Jack, yule daktari aliyewaongoza walionusurika, anarudi kwenye ile mianzi alikofumbulia jicho siku ya kwanza, ana jeraha, anajilaza, yule mbwa Vincent anakuja kulala ubavuni kwake, ndege inapita juu na wenzake ndani, na jicho linafumba. Nililia, na sikujificha.

Taa ikawashwa na vita ikaanza. Kaka alikuwa amekasirika kabisa, sijamwona hivo hata Chelsea wakifungwa. Dubu mweupe? Namba? Kwa nini wanawake wajawazito walikuwa wanakufa? "Miaka sita unaniambia subiri subiri, kumbe walikufa siku ileile ndege ilipoanguka!" Hapo ndo nilisimama. Maana hili jambo linaniuma mpaka sasa ninapoandika, watu wengi duniani waliondoka na jibu hilohilo na si kweli. Baba yake Jack anamweleza waziwazi pale kanisani, kila kitu kilichotokea kilitokea kweli, kila mtu hufa siku yake, wengine kabla yako wengine miaka mingi baada yako, kanisani ndo mahali walipokutana baadaye, na si kisiwani. Kilichowachanganya watu ni ABC kuweka picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita, picha ambazo hazikuwa sehemu ya hadithi. Nikarudisha nyuma nikamwekea kaka maneno ya yule mzee mara mbili. Akakubali kwamba hawakufa siku ile, lakini akagoma kusema ni mwisho mzuri, akashika lile daftari akaanza kunisomea maswali ambayo hayajapigiwa mstari, moja baada ya jingine, na yalikuwa mengi.

Niliutetea mwisho ule usiku ule na bado nautetea. Mpira ukikaa bila mshindi unapigiwa penati, bunge lisipopata wingi watu wanakaa chini wanaungana, lakini hadithi haidaiwi hivo. Mimi nilivyokuwa naandika maswali yale sikuwa nasubiri dubu. Nilikuwa nasubiri kujua kama Locke aliyedharauliwa na kila mtu atapata heshima yake, kama Jack ataacha kukimbiakimbia akatulia mahali, na vyote viwili nilipewa. Kaka akasema basi wasingeweka dubu. Tukaendelea.

Baba ndiye aliyetuzima. Alikuwa anafuta miwani muda wote ule, akauliza, "Yule aliyebaki nje, amekuwa bosi miaka mingapi?" Nikamwambia Ben alitawala wale watu waliokuwa kisiwani kabla ya ndege kwa muda mrefu, kwa uongo, na aliua watu wengi. Baba akasema huyo ndo mtu wa kumwangalia, mtu aliyezoea kuamrisha akakubali kuwa namba mbili na akaifanya vizuri kazi ya namba mbili, kwenye siasa hao hawapatikani, tumwangalie sasa huyu Clegg aliyeungana na Cameron akawa naibu wake kama ataweza. Alafu akaniuliza kama ninazo zile za mwanzo.

Ninazo, nikasema, zote.

Tulianza wiki ileile, kabla Kombe la Dunia la Afrika Kusini halijamrudishia kaka rimoti mwezi wa sita. Ya nne katika zile za mwanzo ni ya Locke, ile ambayo mwishoni ndo unaonyeshwa kwamba kabla ya ndege kuanguka alikuwa hawezi kutembea. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilipigwa na butwaa. Baba tayari alikuwa amekiona kile kiti kwenye sehemu ya mwisho, kwa hiyo yeye alianza kutikisa kichwa mapema, Locke akiwa bado anakimbia porini na kisu anawinda nguruwe, na dole gumba la mguu lilipotikisika pale mchangani baba akapiga goti lake akasema, "Mwache akimbie bwana, mwache!"