Nitakwenda polepole

Somo: Isaya 38:1–21

Wapendwa katika Bwana,

Hezekia aliugua hata kufa. Nabii Isaya alimwendea, akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Kabla machozi hayajakauka, Mungu akamwongezea miaka 15. Habari hiyo tunaihubiri mara kwa mara, na ni haki yetu kuishangilia.

Tusiruke ule mkate wa tini. Isaya aliagiza uwekwe juu ya jipu la mfalme ili apate kupona. Mungu aliyesikia maombi ndiye aliyeruhusu na dawa itumike. Nalisema hili kwa ajili ya ndugu aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo, ambaye bado anameza vidonge vya kuzuia kifafa na anaulizwa imani yake iko wapi. Iko palepale. Akiviacha ghafla bila daktari wake kujua, anaweza kupatwa na degedege la kutishia uhai. Asimtii mtu anayemwambia avitupe.

Ila ninalotaka tukae nalo juma hili liko mbele kidogo. Baada ya kupona, Hezekia aliandika shairi, na katika aya ya 15 anasema atakwenda polepole miaka yake yote, kwa sababu ya uchungu wa nafsi yake. Haya ni maneno ya mtu aliyekwisha kupona! Aya chache baadaye anamsifu Mungu, akisema aliye hai ndiye atakayemsifu, kama yeye alivyo leo. Uchungu na sifa vimo katika shairi moja, na Roho Mtakatifu hakuona haya kutuachia vyote viwili.

Sisi tuliowahi kufunguliwa fuvu tunaelewa neno hilo "polepole". Uvimbe hata usipokuwa saratani si jambo dogo, kwa kuwa ubongo umefungwa ndani ya mfupa usiotanuka. Kinachoota humo lazima kibane kitu. Kinachobaki baada ya upasuaji hutegemea mahali ulipokuwa. Mmoja hupoteza maneno: analijua jina la mwanawe, lakini halifiki mdomoni. Mwingine anayumba akitembea. Mwingine, ambaye uvimbe wake ulikuwa sehemu ya mbele, hukasirika upesi au hushindwa kupanga kazi aliyoifanya miaka mingi, na mke wake analia kwa siri kwa sababu mume aliyerudi nyumbani si yule aliyemsindikiza hospitali. Halafu upo uchovu, hasa kwa waliopigwa mionzi. Usingizi hauumalizi. Spika za kanisani, zile zile alizozipenda, zinamtoa nje katikati ya ibada.

Kwa nje haya hayaonekani. Nywele zimeota, kovu limefichika, watu wanasema, "Bwana asifiwe, umepona kabisa!" Naye anaitikia amina, kisha anarudi nyumbani akiwa mpweke, akijiuliza kama ni dhambi kulilia uzima ule wa kwanza ilhali wengine hawakupata hata huu. Ndugu yangu, si dhambi. Mfalme aliyeongezewa miaka na Mungu mwenyewe alisema wazi kwamba nafsi yake ilikuwa na uchungu.

Lipo pia swali linalotusumbua usiku: kwa nini mimi nikapona, na yule tuliyelazwa wodi moja, aliyekuwa akiniombea, akafa? Sina jibu, na ninawaogopa wanaolitoa haraka. Ninachokiona katika Maandiko ni kwamba miaka ya ziada haikuwa tuzo ya kumzidi mtu haki. Yosia, kitukuu wa Hezekia, anashuhudiwa kuwa hakutanguliwa na mfalme aliyemrudia Bwana kwa moyo wote kama yeye. Huyo alianza kutawala akiwa na miaka 8, akatawala miaka 31, akauawa Megido. Hakuongezewa. Basi aliyefiwa na mgonjwa wake asiambiwe kamwe kwamba imani yao ilipungua, na aliyepona asibebeshwe deni la kulipia uhai wake kwa kuwa shujaa kila siku.

Kwa kanisa nina ombi. Binti Yairo alipofufuka, watu wakiwa bado wameduwaa, Bwana Yesu aliamuru apewe chakula. Hakumtaka asimame atoe ushuhuda. Lazaro naye alitoka kaburini akiwa amefungwa sanda, na kazi ya kumfungua wakapewa watu waliokuwa karibu. Kwa hiyo tumtembelee aliyepona, tusikae sana. Tuzungumze mmoja mmoja, tumpe muda wa kulitafuta neno bila kummalizia sentensi. Kama daktari amemzuia kuendesha gari, mwenye gari ampitie. Mke au mume anayemuuguza naye apate mtu wa kumpokea mzigo kwa saa chache, maana huyo husahaulika kabisa. Na siku za kipimo cha MRI zikikaribia, hata kama ni cha kawaida cha kufuatilia, tujue kwamba hofu ya mwanzo hurudi nzima. Tusimwambie asiogope. Twende naye, tukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Tuombe.

Ee Mungu wa Hezekia na Yosia, wakumbuke wanaosubiri majibu ya vipimo wiki hii. Wape madaktari mikono thabiti na macho makini. Wape waliopona ruhusa ya kwenda polepole, nasi utupe subira ya kwenda kwa mwendo wao. Wafariji waliozika. Katika jina la Yesu, amina.