Mzee Aliyezima Taa za Dar es Salaam

Juzi mdogo wetu alikuja na kazi ya nyumbani ya sayansi, vyanzo vya nishati. "Mama, umeme unatoka wapi?" Baba yake, mnamjua, akajibu bila kuacha simu: "Tanesco." Nikamwambia mtoto aandike maji. Maji ya wapi? Ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2115. Na hayo yanatoka wapi? Mengine yanaletwa na Ruaha Mkuu. Na Ruaha? Usangu. Na ya Usangu? Nilipofika milimani, juu ya Chimala, mtoto alikuwa ameshaweka nukta na kukimbilia katuni. Mimi nikabaki pale mezani na yule mzee.

Sijawahi kumwandika. Kijiji chake sitakitaja, inatosha kusema ni huko Matamba, na hospitali nayo tuiache. Ila mwaka lazima niutaje, maana bila huo hakuna hadithi: 2011, mwaka wa mgao. Maji ya Mtera, bwawa la umeme, yalikuwa yameshuka, nchi nzima ikawa inaishi kwa ratiba ya umeme. Hapa Mbeya tulisomea mishumaa, na kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa akifungua saa ambazo watu wamelala, kwa kuwa ndipo mashine ilipowaka.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, zamu ya afya ya akili. Wenzangu wengi waliomba ipite haraka warudi leba, kwenye kazi wanayoielewa. Mama alikuwa amefunga kuniombea kule Mafinga, akiamini ugonjwa wa akili unaambukiza ukikaa nao sana. Mimi niliipenda wodi ile tangu siku ya kwanza. Pengine ni kwa sababu kazi yake kubwa ni kukaa chini na mtu mkazungumza, na mimi kuzungumza sijawahi kulipiwa kabla ya hapo.

Mzee aliletwa juu ya lori la viazi, amefungwa kamba, akashushwa kona zote 57 za ule mlima amelala juu ya magunia. Kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kusafisha vidonda vya kamba kwenye vifundo vya mikono. Ndugu walieleza kwamba halali, anaongea usiku na mchana, amegawa mbuzi, na usiku anatoka na jembe kwenda kuziba kijito. Watu wa chini wakakosa maji, wakapanda na marungu. Daktari akaandika mania, ugonjwa wa akili kuchangamka kupita kiasi, na dawa za haloperidoli zikaanza.

Baada ya siku chache Sista wa wodi akanipa fomu nimfanyie uchunguzi wa hali ya akili, wenzangu wakiwa wamesimama nyuma yangu. Kwa wasiojua, ni mazungumzo tu, lakini yana mpangilio: mtu amevaaje, anaongeaje, anajua yuko wapi na leo ni lini, anaweza kuhesabu, anakumbuka, anaelewa fumbo, anajua kwamba anaumwa au hajui.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Wewe Mhehe."

"Ndiyo baba. Wa Mafinga."

"Mafinga mmepanda miti. Miti inakunywa maji." Akamgeukia Sista. "Hilo aliandike."

Siku alijua, mwezi alijua. Rais? "Kikwete. Lakini bado hajanijibu." Hapa ni wapi? "Ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi nimekuja kwa shughuli." Nikamwambia aanze na 100, awe anatoa saba. Akaenda 93, 86, 79, haraka kuliko mimi, kisha akasimama. "Kwani mnauza nini kwa saba? Niulize lumbesa. Niulize lumbesa moja inamwibia mkulima debe ngapi." Wenzangu wakacheka. Sista hakucheka, alikuwa anaandika.

Tukafika kwenye methali. Mgonjwa hupewa methali aeleze maana yake, ili ionekane kama akili yake inaweza kutoka kwenye kitu chenyewe ikaenda kwenye fumbo. Nyingi kwenye karatasi yetu zilikuwa za pwani, mambo ya tezi na omo, wakati sisi wodini tulikuwa na watu ambao bahari wameiona kwenye kalenda. Nikachagua iliyo nyepesi.

"Baba, watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Wana maana gani?"

Kwa mara ya kwanza tangu afike, mzee akanyamaza.

"Nani alisema?"

"Wahenga."

"Hao hawajafika kwetu."

Akainua mkono wenye bandeji, akaweka kidole juu ya meza, pembeni kabisa, upande wake.

"Mimi hapa nikimwaga maji mlangoni kwangu, yanashuka kijitoni. Kijito kinaingia mto Chimala. Chimala unatelemka Usangu." Kidole kilikuwa kinakuja taratibu upande wangu. "Usangu yanaingia majaluba, mpunga unakunywa, ng'ombe wanakunywa, yanabaki. Yanakwenda Ruaha. Viboko wanalala humo, tembo wanakunywa, yanabaki. Yanaingia Mtera. Mtera wanayafungia, wanayapima kila siku. Wanayaachia, yanakwenda Kidatu. Kidatu yanageuka moto. Moto unapanda nguzo, unatembea kwenye waya, unafika Dar es Salaam, mtu anabonyeza ukutani, taa inawaka." Kidole kilikuwa kimefika kwenye fomu yangu. "Wameyazoa, hawajayazoa?"

Mwenzangu mmoja aliyetokea mchepuo wa jiografia alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila kituo. Hakuna hata kimoja alichokosea.

"Wameyazoa, baba."

"Basi mimi nimeyafunga."

Akaegemea kiti na kutueleza kwa upole, kwa vile tulikuwa wageni wa jambo lenyewe. Maji ni yake, Tanesco hawajawahi kumlipa, ameandika barua hazijibiwi. Akachukua jembe. Sasa si mnaona? Nchi yote iko gizani. Kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku wanamtangaza, jina hawalitaji kwa aibu, lakini yeye anajua wanasema naye.

Ningependa kuwaambia kwamba umeme ulikatika palepale. Haukukatika. Zamu yetu ya giza ilikuwa usiku.

Alipotoka, Sista akatugeukia. "Haya. Jiografia inaishia wapi, ugonjwa unaanzia wapi?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kijito kipo, na kweli alikiziba, mashahidi ni wale wa marungu. Mtera maji yalikuwa yamepungua kweli. Mgao ulikuwepo. Ukiitazama kila pingili peke yake, ni nzima. Mmoja akasema basi kosa lake ni kipimo tu, amezidisha kijito. Sista akamjibu kwamba yeye haangalii sana kama jambo ni la kweli au la uongo, anaangalia kama linasogezeka. Akatoka na sisi hadi uani, mzee alipokuwa anaota jua, akamuuliza kwa heshima zote: baba, na mito mingine je? Mbarali, Kimani, Ndembera, yote si inaingia Usangu? Na mvua ambazo hazikunyesha?

Mzee alimtazama kwa huruma. "Sista, hayo ni maneno ya kuwatuliza wananchi."

Hilo nalo, tuseme ukweli, nusu ya nchi ilikuwa inalisema mwaka ule, na hawakulazwa. Lakini nilielewa alichotaka tuone. Kila ulichomletea mzee alikipokea, akakitia ndani ya jambo lake, na jambo likanenepa.

Kwenye fomu, sehemu ya methali, nikaandika kama tulivyofundishwa: ametafsiri kitu chenyewe, hakufikia fumbo. Nyuma ya daftari langu nikaandika jibu lake lote, neno kwa neno, kituo kwa kituo. Usiku ule niliwasomea wenzangu bwenini kwa mshumaa. Nilikuwa nimelipenda jibu lile kupita kiasi.

Kesho yake nilimkuta mkewe anafua nje ya wodi. Nikamsalimia, na katika kutaka kumtia moyo nikamwambia, "Mama, mzee ana akili sana."

Akaacha kufua. "Wewe umemsikia mchana, mwanangu."

Kisha akanieleza usiku. Ilikuwa Juni na Julai, kule kwao majani asubuhi yana barafu. Alikuwa akimfuata kwa tochi kila usiku, kimyakimya, kwa sababu akimwita anakasirika. Mzee anaingia kijitoni hadi magotini, na yeye anaingia nyuma yake, anasimama upande wa bondeni, ili wale watu wakija na marungu wamkute yeye kwanza. Mbuzi waliogawiwa walikuwa ada ya kitinda mimba wao. "Akili zake nazijua kabla hujazaliwa," akasema. "Mimi nataka alale." Akarudi kwenye nguo zake. Sikuwa na la kuongeza, nikamsaidia kukamua shuka.

Yaliyofuata ni ya kawaida, nayapitia haraka. Alianza kulala. Dawa zikamkaza, akawa anatembea mikono haichezi, akaongezewa benzheksoli, akalegea kidogo. Redio ikaacha kumtaja. Akaanza kuuliza habari za viazi na nani anavichimba.

Zamu yangu ilipokaribia kwisha, nikarudia fomu ileile. Mia akaitoa saba hadi chini bila kuuliza bei. Methali ileile.

"Maji yakimwagika hayazoleki. Wana maana gani, baba?"

"Jambo likishaharibika, hulirudishi."

Sawasawa kabisa. Hata mtoto wa darasa la tano angepewa vema. Nikaweka vema na mimi, na Sista aliyekuwa anasikiliza mlangoni alifurahi waziwazi. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, na sijui bado nilichokihisi nilipoweka ile vema nikiite nini. Wala sina hakika kama muuguzi anaruhusiwa kukihisi, wakati yupo mwanamke kwenye benchi la nje anayesinzia mchana kwa raha, kwa kuwa hakuna tena wa kumfuata.

Siku ya kuruhusiwa mkewe aliomba barua ya kupeleka serikali ya kijiji, maana kulikuwa na kesi ya maji inawasubiri. Sista akaandika. Kazi ya mgonjwa? "Mkulima wa viazi," mzee akajibu mwenyewe. Wakapewa dawa, tarehe ya kliniki, na maelekezo ya gari za Chimala pale Nane Nane. Nikawasindikiza hadi getini na fomu yangu mkononi, ilikuwa imebaki sehemu moja haijajazwa, ile ya mwisho: mgonjwa anajitambua kuwa aliumwa?

"Mwanangu," mzee akasema, "mgao umekwisha?"

"Bado, baba. Jana tumelala giza."

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Basi safari hii si mimi."

Mkewe akacheka. Alicheka kweli, akampiga begani kwa mfuko wa dawa, na mzee akawa anajizuia kutabasamu bila kufaulu. Nikacheka na mimi, nimechelewa kidogo. Wakavuka barabara.

Niliporudi nikaandika kwamba anajitambua, nikafuta, nikaandika kwa kiasi, nikafuta. Sista akaja akauliza mbona pale pako wazi. Nikamweleza alichosema mzee. Akanitaka nirudie maneno yake kama alivyoyatoa, nikarudia. Akauliza mkewe alifanya nini, nikamwambia alicheka. Akachukua kalamu, akainama juu ya fomu, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akanirudishia kalamu.